Kenge wa Kibosho na Zamu ya Maji

Jumatatu, 14 Julai

Nimemshusha Katibu mjini ndani ya tenga. Katibu ni kenge wangu. Jina nimempa kwa sababu anamtazama kila mtu na hasemi kitu. Binamu yangu aliniletea kutoka Kahe, kwenye joto, na wakati huo alikuwa mwepesi kama mjeledi. Sasa analala kama gogo. Stella, afisa wanyamapori aliyenipatia kibali cha kumfuga, atakuja Jumanne ya wiki ijayo. Akimkuta hivi, anaondoka naye. Filemon, jirani yangu na mwenyekiti wa kamati ya mfereji, ameshaniuliza matanga yatakuwa lini.

Daktari Pramila, mwenye kliniki ya mifugo kule mjini, mtaa wa Mawenzi, alimpapasa akasema hana ugonjwa, ana baridi. Kenge hajitengenezei joto. Anataka jiwe la moto la kulalia upande mmoja, kivuli upande wa pili, maji ya uvuguvugu, na panya au mayai. Akanipa taa kubwa ya joto niifunge juu ya banda, maana huku juu Julai jua halionekani. Nikamwambia baba yangu alifuga ng'ombe miaka yote bila taa.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe ana manyoya. Huyu hana hata sweta."

Fedheha. Umeme kwa mnyama, katika nchi ambayo kuna watoto wanasomea kibatari! Taa nimeifunga juu ya meza yangu ya kuandikia.

Jumanne, 15 Julai

Mgonjwa yeyote wa mlimani, awe amejifungua au amevunjika mguu, hupewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Nimempikia Katibu mtori wa nyama laini. Hakufungua mdomo. Nikamwachia bakuli. Niliporudi kuku wa Filemon walikuwa wanalikwangua.

Mke wangu Bernadetha akauliza kama daktari alitaja ndizi. Nikamjibu kwamba daktari hakulelewa na bibi yangu. Akasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Alipokuwa akisema hivyo hakuwa anamtazama Katibu.

Jumatano, 16 Julai

Nimetafakari. Katika maneno yote ya daktari, lenye mantiki ni maji. Katibu ni mtoto wa mtoni. Na maji ninayo, mfereji unapita nyuma ya migomba yangu. Kikwazo kimoja: leo ni zamu ya Filemon.

Hoja yangu ni hii. Maji ni ya Mungu. Babu zetu waliochimba mfereji hawakumjua Filemon. Zamu ni urasimu mtupu. Asubuhi nikaziba upande wake kwa vipande vya mgomba, nikafungulia wangu. Kabla ya chai banda la zamani la ng'ombe lilikuwa bwawa. Nikamtumbukiza Katibu.

Alizama mpaka puani akatulia. Utulivu wa ajabu. Bernadetha akachovya mkono, akautoa haraka. Akaniuliza kama najua maji haya yanatoka wapi. Najua. Yanatoka kwenye mlima wenye theluji. Ndiyo maana ni safi.

Alhamisi, 17 Julai

Katibu amekakamaa. Ukimgeuza chali, hajirudishi. Jicho moja liko wazi, linanitazama kama shahidi wa upande wa mashtaka. Nilikaa naye muda.

Bernadetha amemtoa majini, amemfunga gunia, amemlaza pembeni jikoni. Akifa afie pakavu, kasema. Nilitaka kupinga, lakini kamati ya mfereji ilikuwa imefika uani. Filemon alikwenda kunyeshea kabichi zake akakuta mfereji mkavu. Akafuata tope mpaka kwangu.

Nilijitetea kwa kirefu. Niligusa haki za wanyama, ukoloni na mgawanyo wa rasilimali. Filemon akangoja kwa adabu. Kisha akauliza, "Mwalimu, umemaliza? Haya. Faini ni ile ile."

Pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, Jumapili baada ya misa. Na jani la isale, nimpelekee Filemon kwa mikono yangu kuomba msamaha.

Ndizi zilizoiva darini zilikuwa za kipaimara cha mjukuu wetu, Brenda. Zimekwenda. Tangu jioni Bernadetha haniiti Baba Calvin. Ananiita mshitakiwa.

Jumamosi, 19 Julai

Tangu jana jikoni moto hauzimwi. Jana ndizi zilichemka kutwa, leo ni uji wa ulezi. Mtu akiingia anatoka amelowa jasho.

Katibu yu hai! Ametoka kwenye gunia mwenyewe. Analala juu ya jiwe kando ya mafiga. Akizidiwa na joto, anajivuta nyuma ya madebe. Bernadetha alikuwa ameweka karai la maji ya moto aoshee vibuyu, yakapoa kidogo, Katibu akaingia akajilaza. Panya walikuja kufuata kimea cha ulezi. Walikuja wawili. Hawakuondoka.

Nimelichunguza jambo hili kisayansi. Ni mtori. Umechelewa tu kufanya kazi. Na maji ya baridi huamsha damu, ila matokeo huonekana siku ya tatu.

Jumapili, 20 Julai

Kamati imekunywa. Kamati inajua kunywa.

Nilimkabidhi Filemon isale mbele ya watu. Isale haikataliwi, hata na adui. Aliligeuza jani, akauliza nimelichuma wapi. Nikasema pale mpakani.

"Upande gani wa mpaka?"

Nikasema upande wake majani yalikuwa mapana zaidi.

"Basi nimejisamehe mwenyewe," akasema, na watu wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Halafu akachungulia jikoni, akamwona Katibu juu ya jiwe lake. "Meku, mzee wangu, mnyama wako anaishi vizuri kuliko mke wako." Bernadetha alicheka kupita kiasi kinachohitajika.

Jumanne, 22 Julai

Stella amekuja. Shikamoo mwalimu, marahaba, akaenda moja kwa moja jikoni, ambako Bernadetha alikuwa anachemsha masalio ya ndizi za mbege kwa ajili ya nguruwe. Katibu akamchapa mkia kwenye buti. Stella akafurahi sana. Jiwe la moto, kivuli, maji, panya: akauliza nani amebuni makazi haya. Nikasema mimi. Bernadetha akaangusha mfuniko.

Katibu anabaki. Stella atarudi mwisho wa Agosti, na ameonya joto lisikatike hata siku moja.

Alhamisi, 24 Julai

Mbege imekwisha, moto umezimwa. Bernadetha amerudi kupikia gesi na anasema hachomi kuni kwa ajili ya mjusi. Katibu nimemrudisha bandani, bwawa limeshakauka, na amerudi kuwa gogo.

Bernadetha amenionyesha taa ya daktari kwa mwiko. Nikamwomba tuweke hisia kando, tufuate ukweli. Katibu aliponea kwenye moto wa mbege, hilo sasa nalikubali. Mbege ilitokana na faini. Faini ilitokana na mfereji. Darini kuna ndizi nyingine, za posa ya Calvin, zinakaribia kuiva. Kesho ni zamu ya Filemon.

Jembe nimeliweka mlangoni.

Nayaandika haya chini ya taa hiyo. Nikiri: kwa kazi ya uandishi haina mfano, vidole havigandi kabisa. Tatizo ni Katibu. Jioni hii amejikokota kutoka bandani, amevuka ua, amepanda mpaka kwenye meza, amelala juu ya karatasi zangu. Nimemrudisha bandani mara mbili. Sasa yuko hapa tena, ameikodolea macho taa.

Sijui anatafuta nini.