Sabuni Iliyokataa Kukaa Kwenye Kijiko

Jumatatu, 4 Machi
Jiko la hospitali linataka sabuni ya rojo ya kusugulia masufuria. Ijumaa msimamizi atachagua: yangu, au ya shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Mke wa mwanangu keshaapa. Nikishindwa, chumba changu cha uani anaweka cherehani zake, mimi nihamie kochini. Kochini! Shemeji hukoroga kwa mwiko, taratibu, mpaka sabuni ipoe, kama anabembeleza mtoto. Ushamba mtupu. Nimeazima drili ya seremala, ndiyo itakayonikorogea.

Jumanne, 5 Machi
Drili kiboko! Nusu ndoo imeumuka hadi mdomoni. Nikampelekea shemeji aone wivu. Akauliza eti nimepika sabuni au nimejaza puto. Roho mbaya hiyo.
Jioni imenywea. Juu povu, chini maji. Kumbe nimekoroga hewa.

Jumatano, 6 Machi
Chumvi huifanya sabuni iwe nzito, hata mimi niliyeikimbia shule nalijua hilo. Nikatia kidogo, mwiko ukasimama wenyewe. Nikasema, kama kidogo ni tamu hivi, je, nyingi? Pakiti nzima. Ikawa maji! Mkwe kapita na futi, kapima ukuta wangu, salamu hakuna.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepika upya. Nikaisukumiza ya moto kwenye friza ya mkwe ipoe upesi, bila kukoroga. Kando imeganda mabonge, katikati uji. Kidoleni inakwaruza kama mchanga. Nyama yote iliyomo inanuka ndimu ya sabuni. Mwanangu kaniambia kwa upole, baba, shuka lako liko kochini. Huo upole wake ndio umenimaliza.

Ijumaa, 8 Machi
Ya shemeji laini kama mafuta ya mgando, imetulia kwenye kijiko. Yangu msimamizi kaichokonoa, akauliza kama ni ya kusugulia visigino. Basi. Cherehani zimeingia. Nimelia, nikasingizia sabuni.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kanihurumia. Nikimkorogea vizuri pipa la hospitali, atanipa stoo yake nilale, yenye mlango na kitasa. Sharti ni moja: babu wewe, polepole, usiache mpaka ipoe, hapo ndipo inashikana. Nikaitikia kwa adabu zote. Kaenda sokoni.
Bega linaniuma. Huku juu feni ya dari inazunguka tu, haina kazi ya maana. Kamba ya kuanikia nguo ninayo. Mwiko nimeshaufunga kwenye feni, ncha iko ndani ya pipa.
Naanza na kasi ya mwisho.