Malalamiko Juu ya Watu Watatu Wanaokataa Kugongana

Landi za Reli,
Nakuru.
12 Agosti 1957

Kwa Bwana Nderitu,
Katibu, Kamati ya Ukumbi wa Wafanyakazi.

Bwana Katibu Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mama watoto amepona jino. Mimi sijambo kidogo tu. Nimekaa kwenye kibanda cha signali tangu kabla ya vita, na sijaona hatari kama hii ambayo kamati yako inairuhusu kila Jumamosi alasiri, mbele ya watoto, na soda zikiuzwa.

Nasema juu ya wale watatu wanaopiga jazi: Odero wa karakana kwenye ile fidla kubwa kuliko mlango, Kiptanui wa stoo ya mizigo kwenye ngoma, na kwenye piano mke wangu wa ndoa, Naliaka. Malalamiko ni haya:

1. Hakuna anayewapa ruhusa ya kuanza. Reli yetu ni njia moja, na dereva asipokabidhiwa kile kijiti cha chuma mkononi, treni haitoki, hata ikiwa imembeba Gavana. Hawa wanaanza kwa nyusi. Odero anainua nyusi, basi, wameshaondoka.

2. Wanaingia wote watatu kwenye njia moja kwa wakati mmoja, kila mtu akitoka upande wake. Nimesimama mlangoni na bendera nyekundu nikingoja wagongane. Hawagongani! Piano ikipanda, fidla inateremka, na ngoma inapita katikati yao kama mtu anayetafuta kofia yake. Ajali inayocheleweshwa hivyo, Bwana Katibu, siku ikija itakuwa kubwa sana.

3. Katikati ya safari Naliaka anaacha kupiga kabisa. Anakunja mikono, anamsikiliza Odero, anacheka. Anacheka! Kisha anarudi mahali nisipotazamia, na watu wazima wanapiga vigelegele.

4. Ugonjwa umeenea. Wapagazi wanarushiana magunia ya mahindi kwa mapigo ya Kiptanui, wanamaliza behewa kabla ya chai, halafu hawana kazi ila kunicheka. Juzi treni ya Naivasha iliondoka kwa saa yake, na abiria waliozoea tabia yetu ya kuchelewa wakaachwa wakilia.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na miaka yote Naliaka amepiga kinanda cha kanisa akitazama mkono wangu. Nikishusha, anaanza, nikifunga, ananyamaza. Sasa hata nyumbani nikianza kusema jambo, ananiachia nafasi nifike mwisho mwenyewe, na mimi sijui mwisho uko wapi. Nina wivu, nasema wazi. Si juu ya Odero, ambaye ni mzee wa kanisa. Ni juu ya zile nyusi.

Kwa hiyo naomba kamati iamuru: kijiti kimoja kiwekwe juu ya piano, asiyekishika asipige, na nyusi zote zifunikwe kwa kofia. Wakikataa, ukumbi ufungwe Jumamosi hii hii bila huruma.

Wasalimie wanakamati wote, mama watoto na jino lake, na yule fundi aliyepaka rangi choo cha ukumbi. Kazi nzuri.

Ni mimi, ninayekesha kwa ajili ya usalama wa njia,
Makokha

Tanbihi: Nimesikia sasa hivi kwamba Kiptanui amehamishiwa Molo, na Jumamosi hawana mtu wa ngoma. Naliaka amepita chini ya kibanda changu na kikapu cha sokoni. Aliinua nyusi tu, kunielekea mimi, na nilipotazama, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kupiga meza. Tafadhali usiifungue barua hii mpaka Jumatatu ijayo. Kofia sitavaa.