Samaki wa Kioo wa Aneta

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeingia hotelini. Mimi Gherasim, fundi chuma kwa miaka thelathini na minane, nalala katikati ya Bucharest, vituo vitatu vya tramu kutoka kwangu! Sikuja kustarehe. Nimemfuata samaki wa kioo wa marehemu mke wangu Aneta. Samaki huyo alikaa juu ya televisheni yetu tangu tuoane. Mkia niliuvunja mimi; Aneta akaugundisha, ufa akaufunika kwa rangi ya kucha, nyekundu. Mwezi wa nne nikampeleka samaki sokoni, nikabadilishana na fimbo ya kuvulia. Mpaka leo sijavua hata chura.

Jumamosi Aneta anatimiza mwaka tangu afariki. Binti yetu Luminița anakuja, na macho yake yataanzia juu ya televisheni.

Juzi nikamwona samaki wetu gazetini! Hoteli mpya, kila kitu cha zamani, chumba namba saba. Mkia mwekundu.

Namba saba wamo Waswidi. Nimepewa namba nne. Zulia ukutani, simu ya rangi ya chungwa, na samaki mwingine, mzima. Takataka zangu, watu wanazilalia kwa hela!

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimewaambia mapokezi televisheni ya namba saba mbovu, waniache nikaitengeneze. Binti wa mapokezi akacheka. Eti babu, zote mbovu, ndiyo urembo wenyewe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Waswidi wameenda kunywa chai. Mlango wazi. Nikamtia samaki ndani ya koti. Bibi Zoica, mfagiaji, akatokea bafuni. Mkia ulikuwa umechomoza kifuani! Akasema wee mzee, hata mjukuu wangu wa miaka mitano anaiba vizuri kuliko wewe.

Nikamweleza. Akaketi kitandani. Akasema kamwombe mwenye hoteli, kitu cha marehemu siku ya mwaka wake nani atakunyima? Atakupa na mshumaa juu.

Niombe? Mimi? Kitu changu, kwa mwenye hoteli, kijana wa hereni? Nikamwambia sijaomba hata kwa mkurugenzi wa kiwanda. Akasema basi mrudishe, ulale na kiburi chako.

Nimemrudisha. Nimeondoka na yule wa namba nne. Rangi ya kucha nimenunua. Muuzaji aliniuliza ni ya mikono au ya miguu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kanisani vizuri. Ngano tamu ya kumkumbuka marehemu imetosha, mishumaa haikuzimika. Nyumbani Luminița akamchukua samaki, akapitisha kidole mkiani. Ufa hakuna. Akauliza, baba, wa mama yuko wapi?

Nikasema ndiye huyo, kioo kikikaa sana hupona.

Akamrudisha taratibu, akavaa koti. Hata kahawa hakunywa.

Jumapili, 13 Oktoba

Nyumba kimya. Samaki ananikodolea macho kama mgeni asiyeaga. Neno moja tu la kuomba, ningekuwa naye Aneta wangu pale juu, na binti yangu mezani.

Lakini kichwa changu hakilali! Hotelini hawana kinu cha kahawa cha shaba. Cha Aneta kipo, kinang'aa. Kesho nakipeleka, tubadilishane na samaki, kiume, bila kuomba mtu.

Luminița hatakiulizia. Kahawa yenyewe hapa hanywi.