Pembe Kumi na Mbili kwa Bolti Nne za Mama Sikujua

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimepata! Seti nzima ya soketi za kufungulia bolti, kutoka soko kuu. Zinang'aa kama sahani za karamu. Kila moja ina pembe kumi na mbili ndani. Orpha, fundi mwenzangu hapa gatini Kisangani, hutumia soketi nyeusi za pembe sita. Sita! Nusu ya zangu.
Nikiri kidogo: mikono ya yule mama ni ya ajabu. Injini ikimwona inashika adabu. Ndiyo maana lazima nimshinde.

Jumanne, 5 Machi
Mama Sikujua anatafuta fundi wa kudumu wa baleinière yake, ile mashua ya mbao iendayo Isangi. Mtihani: kufungua bolti nne zinazounganisha injini na mhimili wa pangaboi, abadilishiwe raba iliyooza katikati yake. Jumamosi lazima aondoke. Binti yake Djamila anaolewa Isangi Jumapili.
Nikamshauri kazi ifanyike Ijumaa. Akakubali, ingawa alinitazama sana. Ijumaa ni tarehe nane, Siku ya Wanawake! Orpha atakuwa kwenye gwaride la wanawake. Akili ninayo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepaka soketi mafuta ya mawese. Micheline, mke wangu, ameuliza kama ninazikaanga. Nimeongeza mafuta.

Ijumaa, 8 Machi
Msiba.
Nikavalisha soketi kwenye bolti ya kwanza, nikachomeka bomba refu kwenye mpini, nikavuta. Krak! Nikashangilia. Kumbe soketi imeteleza, imekula kichwa cha bolti. Nikavuta tena. Kichwa kikazidi kuwa mviringo, mimi nikalala chali juu ya magunia ya chumvi.
Mama Sikujua akarudi kutoka kwenye gwaride. Hakufoka. Aliuliza tu mutoto wake atafika Isangi na nini. Djamila alikuwa nyuma yake, analia bila sauti.
Nikaona aibu. Nikakimbia mwenyewe kumwita Orpha.
Alikuja na kitenge chake cha sikukuu, hakucheka. Akasugua kutu kwa brashi. Akagongea soketi nyeusi kwa nyundo mpaka ikazama kwenye kichwa kilicholika. Akavuta polepole, kwa mwili mzima. Kwiii! Imefunguka! Nikapiga makofi peke yangu.
“Papa Dominique,” akasema akigusa bolti, “boulon hii iko na pembe sita. Douille yako, hii soketi ya kumi na mbili, inashika kwenye ncha tu, donc ukivuta sana inazikula. Ya pembe sita inakamata ubavu wote. Kazi nyepesi, tumia yako. Ngumu kama hii, sita.”
Akanipa mpini nifungue ya pili. Ikafunguka! Machozi yalinilenga.

Jumamosi, 9 Machi
Baleinière imeondoka na raba mpya, Djamila anapunga mkono. Kazi amepewa Orpha. Ameomba niwe msaidizi wake. Mimi, niliyemtegea siku ya gwaride! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Kisangani nzima hakuna fundi kama yule.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza ibada nzima. Somo nimelielewa: pembe zikipungua, nguvu inaongezeka. Kumi na mbili zilishindwa, sita zikaweza. Basi tatu!
Nimemwendea Franck, mchomeleaji, anitengenezee soketi ya pembe tatu, Orpha ashangae. Franck ameuliza bolti ya pembe tatu nimeiona wapi.
Nimemwambia hilo ni tatizo la bolti.