Malalamiko Dhidi ya Mgeni Aliyekaa Kwenye Soketi

Kibaoni, Ifakara
Septemba, 1996

Kwa Shemeji yangu Bwana Fridolin,
Mchombe.

YAH: MGENI ULIYENITUMIA NA MADHARA ALIYOYALETA NYUMBANI KWANGU

Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea tu, maana niko peke yangu, kama unavyojua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa dada yako Febronia yuko hapo kwako na bila shaka wakati unasoma barua hii anapepeta mchele karibu na dirisha, akijifanya hasikilizi.

Naandika kwa utulivu kabisa. Nimekunywa maji, nimekaa, na barua ya kwanza niliyoandika kwa hasira nimeichana. Hii ni ya pili, ina adabu.

Malalamiko yangu yanahusu kile kidude cha kupimia umeme ambacho yule mhandisi Mzungu wa mradi wa mpunga alikuachia alipokuwa anafunga virago kurudi kwao. Mchombe hakuna umeme, kwa hiyo kilikaa kabatini kwako bila kazi mpaka ukanikumbuka. Ulisema mimi ndiye wa kukimiliki, kwa kuwa nilikuwa karani wa mizani kule kwenye miwa na nimepima matrela mpaka nimestaafu. Nilishukuru. Ukanionyesha mwenyewe: unakichomeka ukutani, kisha unachomeka redio au pasi kwenye tumbo lake, nacho kinaonyesha kiooni wati ngapi zinaliwa saa hiyo hiyo. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, kinakupa jumla ya vyote vilivyoliwa tangu ulipokiwasha.

Kuanzia hapa nitamwita Mgeni, kwa sababu nitakazozieleza kwenye malalamiko ya tano. Naomba usome kwa mpangilio, usirukie.

1. Mgeni hakunipa muda wa kumzoea. Siku ile ile aliyofika nilimpa redio aipime, akasema inakula kidogo sana, nikaiheshimu redio. Nikampa taa ya sebuleni, akasema kidogo. Nikampa pasi, jamani! Akaruka mpaka elfu moja na zaidi, nikadhani amepata wazimu. Nikamwambia Febronia, kwa upole tu, kwamba kuanzia leo shati langu linyooshwe mbele peke yake, kwa kuwa mgongo mtu huuegemeza kwenye benchi la kanisani na hakuna anayeuona. Alininyooshea hivyo hivyo nilivyosema. Jumapili hiyo padre akaomba wanaume wachache tusogee mbele kubeba matoleo, na waumini wote waliobaki nyuma wakanisindikiza kwa macho mpaka altareni. Mpaka leo kuna watu wananiita Nusu Pasi. Hilo ni la Mgeni, si la kwangu.

2. Mgeni alinidhalilisha mbele ya mke wangu. Unalijua birika langu la umeme, lile nililopewa nilipostaafu. Febronia alisema tupime na hilo, tuwe na haki. Nikakubali kwa kuwa sikuwa na wasiwasi. Mgeni akasoma elfu mbili! Pasi na friji na redio na taa zote zikijumlishwa hazilifikii. Dada yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, kisha akamwita jirani yetu Rabia aje aone, naye akacheka. Nilieleza kwa makini kwamba birika lina adabu zake: linakula sana lakini linakula mara moja, maji yakichemka linanyamaza na kwenda zake, na kwamba anayefilisi nyumba siyo anayekula kwa haraka bali anayekula mchana na usiku bila kunawa mikono. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, hata kile kitufe cha jumla kinaniunga mkono. Lakini nani alisikiliza? Mgeni mwenye heshima akiona kasoro ya mwenye nyumba, humsema pembeni.

3. Mgeni ana sura mbili. Hapa ndipo tunapofika kwenye friji.

Shemeji, mimi ni mtu wa mizani. Trela la miwa likipanda mzani, uzito wake ni huo huo mpaka lishuke. Friji siyo hivyo. Nikimtazama Mgeni, anasoma mia moja na ushee. Nageuka kuchukua kijiti cha meno, naye ameshuka karibu na sifuri. Nafurahi, naenda kukaa barazani, nasikia friji inaanza kunguruma tena nyuma yangu. Ikabidi nihamishie kiti jikoni nikae naye uso kwa uso. Febronia alikuwa ananizunguka na sufuria zake, anapita huku, anapita kule.

Kwa kukaa pale niligundua jambo ambalo ningependa lifundishwe mashuleni. Friji haingurumi hovyo. Inanguruma sana inapowekewa kitu chenye joto, na inapofunguliwa mlango. Sasa unajua friji yetu ilivyo: ni ya mtaa mzima. Rabia anaweka perege wake wa kutoka Mofu, wametoka juani wana joto kama mtoto mwenye homa. Kija, yule mama wa Kisukuma anayeuza maziwa, anaweka ndoo yake. Hao wote sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni salamu. Mtu anaingia, anafungua friji, anashika mlango, ndipo anapokumbuka kusalimia! Shikamoo baba. Habari za toka jana. Mguu unaendeleaje. Mpunga mmeshaingiza. Mama wa Mchombe hajambo. Na mimi siwezi kukatiza, nitaonekana sina malezi, kwa hiyo namjibu yote na kumuuliza ya kwake, na mlango uko wazi muda wote huo, baridi inatoka inatambaa sakafuni mpaka naisikia vidoleni. Siku moja Kija aliniamkia, akaniuliza habari za ng'ombe, nami sina ng'ombe, lakini kwa heshima nikamwambia hawajambo.

Nikabandika tangazo kwenye mlango wa friji: samaki wote wapoe kwanza kwenye beseni kivulini, na salamu zote ziishe kabla mlango haujafunguliwa. Je, hilo ni kosa? Watu wakaanza kuingia kimya kimya, wanafungua, wanachukua, wanatoka. Nikawalaumu kwa kutosalimia. Basi wakaacha kuja.

4. Mgeni alinitia tamaa ya sifuri. Hili naliandika kwa uchungu. Ukishaona namba inashuka, hutosheki, unataka ishuke zaidi. Jumamosi ile ya kuamkia komunyo ya kwanza ya binti wa Digna, mdogo wenu, friji ilikuwa imejaa samaki wa sherehe na mifuko ya barafu aliyoifunga Febronia kwa mikono yake. Mgeni alikuwa anasoma juu bila kupumzika. Mchana watu wote walipokwenda kanisani kupamba, nikachomoa waya. Nilikusudia iwe kwa muda mfupi tu, niione sifuri, nirudishe. Nikaiona, Shemeji. Ilikuwa nzuri. Nikasema acha ikae kidogo, nikajilaza.

Unajua kilichotokea, ulikuwepo. Ulikula maharage kama sisi wote, na katekista aliyabariki bila kuuliza samaki wako wapi, maana harufu ilikuwa imeshamjibu. Mtoto alilia na gauni lake jeupe. Febronia hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliosha friji kwa ndimu, akafunga kitenge, akachukua beseni lake, na Jumatatu akapanda gari la Mlimba akashukia kwako. Tangazo langu aliliacha mlangoni vile vile, ila alilinyoosha pembe moja iliyokuwa imejikunja.

5. Sasa nakuja kwenye haki. Desturi yetu naijua. Mke akirudi kwao kwa kosa la mume, mume anatafuta mzee wa kumsindikiza, anakwenda na faini, jogoo pamoja na mkeka, anakaa chini, anasemwa, anakubali. Sipingi hata kidogo. Lakini swali ni hili: nani mkosaji? Ni yule aliyeingia kati ya mume na mke akapeleka maneno. Na ni nani aliyekuwa akinipelekea maneno asubuhi na jioni, friji imefanya hivi, pasi imefanya vile? Mgeni. Mgeni alitoka nyumba ya nani? Yako. Amelala kabatini kwako, amekaa na watoto wako. Kwa hiyo ni mtu wa kwenu, tena kwangu mimi ni shemeji kama wewe. Basi upande wa mke ndio uliokosea, na faini inatakiwa itoke Mchombe ije Ifakara. Jogoo awe mkubwa.

Kama unabisha, naomba kikao cha ukoo kiitishwe hapo hapo kwako. Mgeni awekwe kwenye kiti, si chini, ili asije akasema hakuheshimiwa. Aulizwe mbele ya wazee na mbele ya Mama. Mimi nakuhakikishia hatajibu neno, kwa kuwa Mchombe hakuna umeme, na mtu anayenyamaza kwenye kikao sote tunajua maana yake.

6. Kwa hayo yote nadai yafuatayo. Umrudishe Febronia wewe mwenyewe, mchana, watu waone. Utume gari lije kuichukua hiyo friji ikae Mchombe, ambako haitakula kitu maisha yake yote, na dada yako awe anakuja kuitembelea akipenda. Hapa kwangu, nikiwa hai, friji haitanguruma tena.

Na usidhani nateseka. Nyumba sasa inakwenda vizuri kuliko wakati wowote. Sinyooshi shati kabisa, wala mbele. Birika nalo nimelipumzisha, kwa sababu chai ya mtu mmoja haina ladha. Redio sifungui, wanasema habari na hakuna wa kumwambia umesikia. Nimempitisha Mgeni soketi moja baada ya nyingine, zote zinasoma sifuri. Rabia anapita barabarani na perege wake anawapeleka kwingine. Kija ananisalimia kwa mbali, neno moja tu. Hakuna baridi inayotambaa sakafuni. Nilichokuwa nikikitafuta, nimekipata chote.

Nakuomba ujibu kwa maandishi, nami nitalipokea jibu lako kwa heshima inayokustahili. Mpelekee Mama mkwe shikamoo yangu, na umwambie ule mguu sasa unakanyaga. Digna na binti yake wasalimie sana. Mtoto mwambie baba mkubwa anamwomba radhi kwa ajili ya samaki. Watoto wote, majirani wa pande zote mbili, na huyo anayepepeta mchele karibu na dirisha, nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Ni mimi shemeji yako mwenye kulalamika,

Hermenegildi,
Karani wa Mizani (Mstaafu).

Nyongeza: Hapa soma kwa sauti ndogo, Shemeji, au toka nje kabisa. Friji nimeiwasha tangu Jumapili. Nimeichomeka moja kwa moja ukutani, bila mtu katikati. Ndani hamna kitu ila chupa moja ya maji. Nilitaka tu pawe na kitu kinachonguruma humu ndani. Asubuhi nafungua mlango, naushikilia, nauliza habari za nyumbani, na sifungi mpaka niishiwe na maneno. Tangazo nimelibandua. Rabia nimemwambia alete samaki wakiwa na joto lao.

Lile dai la faini lisahau. Evaristo anayekuletea barua hii amebeba kapu na mkeka. Ndani ya kapu kuna jogoo, ni yule mwekundu ambaye Febronia alikuwa anakataa asichinjwe, kwa hiyo msimchinje, dada yako arudi naye. Mgeni wako yumo humo humo, chini ya jogoo. Jogoo akiwa amemchafua njiani, usimfute kabla dada yako hajamwona.