Vipete Vyangu Hadi Jumamosi

Jumatatu, 10 Novemba

Msiba! Nimeamka upande mmoja wa kichwa umelala kama chapati.

Jana kanisani nywele zangu zilikuwa za kutajika. Kila kipete mahali pake, vimejiviringa, vinang'aa. Mwalimu Awino, anayetufundisha kwaya, alinitazama juu mpaka chini akasema Jumamosi tunarekodi video, nije hivyo hivyo nilivyo, nitasimama safu ya mbele. Safu ya mbele! Ubavuni mwa Caroline wa sauti ya kwanza! Tangu nijiunge na kwaya hii mimi huimbia mgongo wa mtu.

Shida ni maji. Hapa Kibokoni mfereji wetu hutoa maji Jumapili tu. Ya kwenye pipa ni ya kupikia na kujimwagia kopo moja moja. Bi Raihana, mwenye nyumba, keshasema atakayeosha kichwa kwa maji ya pipa ahame nalo pipa. Kwa hiyo nywele za jana lazima zifike Jumamosi zikiwa hai.

Nikajaribu kitana. Kosa! Vipete vyote vimefumuka. Nimeingia ofisini kama ufagio uliogeuzwa. Sisi ni mawakala wa forodha, watu wa heshima. Mteja mmoja kaniuliza kama nimerushwa na umeme.

Jumanne, 11 Novemba

Nimelala nimeketi. Hesabu yangu ilikuwa safi: kichwa kisichogusa mto hakiwezi kubonyea. Kiti cha plastiki, mgongo ukutani, shingo wima. Usingizi ukanipiga mweleka. Nimezindukia sakafuni, shavu juu ya ndala. Shingo haigeuki.

Jioni mazoezi. Dancan yuko pale, muuza vinyago wa Ndia Kuu, naye ni sauti ya tatu kama mimi. Nywele zake ni za kujipinda kama zangu, naye pia huziosha Jumapili. Lakini vipete vyake vyote vimekaa! Nimemuuliza kwa ujanja, kama mtu asiyejali, anazifanyaje. Akasema hazifanyii kitu. Anaziacha tu mpaka siku ya kuosha.

Mwongo! Hapana binadamu anayependeza vile kwa kuacha tu. Ana dawa. Anaitaka nafasi yangu. Halafu kasema neno, Caroline akacheka sana. Nilitaka kugeuka nione wanachekea nini. Shingo ikakataa.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeipata siri!

Saa ya chakula nilikwenda dukani kwa Dancan nikijifanya namtafutia shangazi zawadi. Alinipokea kwa bashasha, akaniwekea kiti, akatoka kuniagizia kahawa. Mjinga wa watu. Chini ya meza palikuwa na chupa ya kunyunyizia, haina hata karatasi ya jina. Mtu huficha nini chini ya meza? Nikajipulizia kichwa kizima mpaka kikalowa. Kahawa ilipokuja nilikuwa nimeketi kwa adabu, nasifia twiga.

Njiani nilisikia vipete vikijikaza kimoja kimoja. Upepo ulivuma, hakikutikisika hata kimoja. Nilitabasamu mpaka ofisini.

Saa tisa nilijikuna. Pakalia ko! Nikagonga tena. Ko!

Jioni Dancan kanipigia simu kuuliza kama kwa bahati niliona chupa ya polishi ya vinyago. Anasema mtu kaimaliza karibu nusu. Nikamwambia watalii siku hizi hawaaminiki.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikwenda kazini. Nilituma ujumbe kwamba naumwa na kichwa, na hilo si uongo.

Bi Raihana alinikuta kwenye ngazi. Akasimama. Akanizunguka. "Kaingu," akasema, "hicho ni kichwa au ni kinyago cha Wakamba?"

Akanikalisha barazani, akaleta mafuta ya nazi, akaanza kulainisha na kufumua kwa vidole, kipete baada ya kipete. Wapita njia wote walitoa maoni. Mpaka adhuhuri, tena baada ya sala, tena mpaka alasiri. Hakunung'unika hata mara moja. Aliuliza tu nani kanifundisha.

Alipomaliza akafuta mikono.

"Mwanangu, nywele kama hizi hazitaki vita. Ukilala, zifunge kwa hariri. Asubuhi chovya vidole majini, guza palipokauka. Tone la mafuta. Basi."

"Basi tu, Bi Raihana?"

"Basi tu. Kitana weka mbali."

Akanipa mtandio wake wa zamani, wa hariri, kijani kibichi. Nimeufunga. Kwenye kioo naona shangazi yangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Ajabu! Nimefungua mtandio na vipete viko hai, pande zote mbili! Vidole vyenye maji, tone la mafuta, kazi kwisha. Ofisini mteja yule yule kaniuliza kinyozi wangu ni nani.

Mtu mwingine angekomea hapo. Lakini mimi hufikiri. Ikiwa maji na tone la mafuta vimefanya haya, dawa kamili itafanya nini?

Nimechanganya: utomvu wa mshubiri, mafuta ya nazi, marashi ya waridi, na asali aliyonitumia mama kutoka Kaloleni. Asali nyingi. Kichwa chote. Kisha mtandio. Bi Raihana ameita kutoka chini anauliza nani apika halua.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwa jicho moja.

Tulirekodi bustanini nyuma ya kanisa, kwenye maua. Nilisimama safu ya mbele. Vipete vilimeremeta! Caroline akaninong'oneza kwamba nanukia vizuri. Nilidhani hiyo ndiyo saa ya maisha yangu.

Ubeti wa kwanza, alikuja nyuki mmoja. Nikamdharau. Kiitikio, wakaja jamaa zake. Ubeti wa pili ukoo mzima ulikuwa kichwani mwangu, nami nakimbia kuzunguka bustani nikiwaita watakatifu ambao kanisa letu hata haliwatambui.

Aliyeniokoa ni Dancan. Alivua koti, akanifunika kichwa, akaniburura mpaka stoo. Nyuki wawili walimpata sikioni. Sikio limeumuka kama mahamri, na bado ananiambia pole.

Mwalimu Awino akasema video lazima iishe. Niliimba safu ya nyuma, jicho limefumba, kichwa kimefungwa leso ya Caroline.

Baadaye Caroline alikaa nami kwenye ngazi za kanisa, akaifungua leso, akawa ananitoa miiba kwa kucha. Nikamwomba radhi kwa kupoteza nafasi ambayo nywele zangu zilinipatia.

"Nywele gani?" akauliza.

Ndipo akaniambia kwamba yeye ndiye aliyemwomba Mwalimu aniweke mbele. Akinisikia karibu, hapotei kwenye sauti. Kisha akakitazama kichwa changu, akashangaa. "Kumbe una nywele za kujipinda?"

Nilisahau maumivu yote.

Jumapili, 16 Novemba

Maji yametoka. Nimeosha. Vipete vimerudi, sina haja navyo. Wiki nzima nimehangaikia kitu kisicho chenyewe! Kumbe ni sauti!

Sauti kama hii haiachwi hivi hivi. Nimesaga tangawizi, nikatia siki, ndimu, na pilipili mbuzi. Bi Raihana kanipita jikoni akasema maji ya vuguvugu na kunyamaza vyatosha. Ni mama mwema, lakini muziki haujui. Nimekunywa kikombe kizima.

Saa kumi Caroline kanipigia kuuliza hali ya jicho. Nilifungua kinywa, ukatoka mlio wa bawaba kuukuu. Akasema haloo, haloo, akakata. Akapiga tena. Nikaguna. Akasema kama bado niko hai nimngoje, yuko njiani anakuja kunitazama.

Anakuja! Hapa! Lazima sauti irudi kabla hajapanda ngazi.

Naongeza pilipili.