Mpango wa Kumwokoa Bwana Bandara

Jumanne, 3 Juni 1975. Mkumbara.
Bahati imenishukia! Mtaalamu wa kuchimba visima vya kijiji chetu cha ujamaa amefika, Bwana Bandara, kutoka Sri Lanka. Mbudha! Hajabatizwa hata kidole. Jumapili tunachagua mzee wa kanisa. Mimi nagombea, lakini mpinzani wangu Semboja, kiongozi wa kwaya, ameshaanza kutembea kama aliyechaguliwa. Nimemwahidi Mchungaji Mhina kwamba kabla ya kura nitamleta mgeni kwa Yesu. Mchungaji akauliza kwa nini nisianze na mimi mwenyewe. Anapenda utani.

Jumatano, 4 Juni.
Nimemkaribisha chakula. Nimechinja jogoo wa mke wangu, Yuditha, bila kumwambia. Kosa! Dini ya mgeni inakataza kuua kiumbe, naye ameacha hata kula nyama. Akala ugali na kisamvu. Jogoo nikamla mimi, kwa huzuni, mapaja yote.
Nikamsomea amri za Mungu. Kumbe naye anazo zake: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Tunafanana! Hiyo ya mwisho nikaipita haraka. Boha, pombe yangu ya miwa, ilikuwa inachacha nyuma ya mlango.
Nikauliza dhambi zake anasamehewa na nani. Hakuna, akasema. Kila mtu hubeba matendo yake, na baada ya kufa huzaliwa tena. Nilimhurumia kwa dhati. Sisi tunaye Mwokozi. Tunakufa mara moja, tunafufuliwa, basi. Lakini hilo la kuzaliwa tena! Nikauliza kama Semboja anaweza kuzaliwa mbuzi. Akasema hata mimi naweza. Nikabadili mazungumzo.

Ijumaa, 6 Juni.
Mbinu mpya. Niingie upande wake, kisha nimvute. Nimekaa naye barazani kutafakari. Miguu imekunjwa, macho yamefungwa, unafuata pumzi tu. Huombi chochote. Nikauliza, sasa anayesikiliza ni nani? Akacheka. Nikafuata pumzi. Ikanipeleka usingizini. Nimezinduliwa na kicheko cha Semboja, kasimama njiani na kwaya nzima! Sasa kijiji chote kinasema Simeo kawa Mbudha. Yuditha kasema Mbudha wa kweli angemwachia jogoo wake.

Jumapili, 8 Juni.
Bwana Bandara kaja kanisani! Shati jeupe! Nikamketisha mbele, nikampungia Semboja mkono. Mchungaji akamwomba aseme neno. Akasema Yesu alifundisha kuwapenda maadui, na Budha alifundisha kuwahurumia viumbe wote. Ila Wakristo humwita Yesu Mwana wa Mungu, na Budha ni mtu aliyeonyesha njia tu. Yeye atabaki na dini yake, lakini ameipenda sana kwaya. Kwaya! Watu wakapiga makofi. Semboja kapita. Mimi nilinyoshewa mkono mmoja, wa Yuditha, na sina hakika kama hakuwa anafukuza nzi.

Jumatatu, 9 Juni.
Bwana Bandara kaondoka kwenda Handeni, nako wanalilia maji. Kabla hajapanda lori nikamlalamikia. Akanishika bega. "Ndugu Simeo," akasema, "unateseka kwa sababu ya kutamani." Mchungaji Mhina akadakia kwamba hata Yesu alisema anayejikweza atashushwa. Wamekubaliana! Juu yangu!
Nimeguswa. Moyo mweupe kabisa, jua zuri, ugali umeshuka vizuri. Kuanzia leo sitamani kitu. Nitakuwa mnyenyekevu kuliko mtu yeyote Mkumbara, hata Korogwe nzima, na nitahakikisha wananiona. Askofu anakuja Agosti. Semboja ataweza wapi!